Mchwa waliojificha: kukagua nyumba kuanzia ardhini hadi kwenye kenchi

Fremu ya mlango iliyopakwa rangi ya mafuta inaweza kuonekana nzima huku ndani imebaki ganda. Mchwa hukwepa mwanga na hewa kavu, kwa hiyo hula mbao kutokea ndani na kuacha utando mwembamba upande wa nje. Anayesubiri kuona tundu ndipo aamini ana mchwa amekwisha kuchelewa.

Mchwa wanaosumbua nyumba za Mwanza na mwambao wa ziwa ni wa udongoni, karibu wote. Kiota kiko chini, na mwili wao laini haustahimili ukavu, hivyo hawakai darini bila kuwa na njia ya kushuka kwenye unyevu. Ni lazima wapande na washuke. Njia hiyo ndiyo inayotafutwa katika ukaguzi, na mara nyingi huonekana miezi mingi kabla fremu haijaanza kulegea. Ndiyo maana hapa tunaanzia nje, kwenye udongo, na mbao tunazifikia baadaye.

Lini

Kagua wiki mbili au tatu baada ya mvua za vuli kukolea, yaani Novemba au Desemba, kisha rudia katikati ya masika, mwezi wa Aprili. Udongo ukilowa, mchwa husogea juu na kujenga kwa kasi, na udongo wao mbichi hujulikana kwa weusi wake. Kati ya Juni na Septemba hushuka chini zaidi, na nyumba yenye mchwa inaweza kukaguliwa ikaonekana salama. Isipokuwa bafuni, chooni na jikoni: penye bomba linalovuja hufanya kazi mwaka mzima. Ukilazimika kukagua kiangazi, tumia muda wako hapo.

Vifaa ni vichache. Tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa ya milimita 5 au 6, kioo kidogo, mwiko wa fundi, chaki, ngazi, na barakoa ya vumbi kwa ajili ya darini. Chukua pia karatasi uchore ramani ya nyumba, vyumba na milango, maana utakachokiona chumbani kinaweza kuwa na mwanzo wake upande wa pili wa ukuta.

Na kabla hujashika kifaa chochote, muulize anayefagia. Udongo mlaini unaorudi kwenye kona ileile kila asubuhi yeye anaujua, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nje: msingi, mawe na kifusi

Zunguka kiwanja kizima kwanza. Tazama nguzo za uzio, visiki, mbao za shata zilizobaki tangu ujenzi, kuni zilizoegemezwa ukutani. Geuza kila ubao uliolala chini. Ukikuta mwembe una utando wa udongo kwenye shina, usikimbilie panga: kwa kawaida wanakula magamba makavu ya nje na mti wenyewe ni mzima. Umejua tu kwamba wapo kiwanjani.

Kutokuwepo kwa kichuguu hakumaanishi chochote. Wapo mchwa wanaojenga vichuguu virefu, na wapo wadogo ambao viota vyao vimetawanyika chini ya ardhi bila alama juu. Kinyume chake, kwenye maeneo yaliyokuwa mashamba miaka si mingi iliyopita, kama Kisesa, Buswelu na Buhongwa, vichuguu vingi vilisawazishwa kwa greda au jembe na nyumba zikajengwa juu yake. Kusawazisha kunaondoa kilima, lakini malkia wa kiota kikubwa huwa chini ya usawa wa greda na anaweza kuishi miaka mingi. Waulize majirani wa zamani kichuguu kilikuwa wapi, kisha weka alama kwenye ramani yako.

Sasa sogea ukutani. Sentimita 15 za msingi zinatakiwa zionekane kuizunguka nyumba yote, kati ya udongo na usawa wa sakafu ya ndani. Hapa ndipo nyumba nyingi za milimani zinaposhindwa. Mabatini, Igogo, Isamilo au Bugarika, kiwanja kimechongwa kwenye mteremko, na ukuta wa nyuma unatazamana na udongo uliokatwa. Kila mvua kubwa inashusha udongo kidogo. Baada ya misimu mitatu minne msingi umefunikwa, karatasi ya DPC (ile ya kuzuia unyevu usipande ukutani) iko chini ya usawa wa udongo, na mchwa anaingia kwenye plasta moja kwa moja bila kujenga njia yoyote ya kuonekana. Chimba kwa mwiko kina cha sentimita 15 hadi 20 kila baada ya mita moja kwenye ukuta huo. Unatafuta njia za udongo zilizoganda ukutani, au mchwa wenyewe: vibarua weupe, na askari wenye vichwa vya kahawia na taya.

Wengi huamini nyumba iliyokaa juu ya jabali haipati mchwa. Jabali lenyewe haliwapitishi, ni kweli. Lakini mawe ya Mwanza yana nyufa na mifuko ya udongo katikati, na pale ukuta unapokutana na jiwe saruji huwa inaachia baada ya muda. Mwanya wa milimita moja na nusu unamtosha mchwa kibarua. Pitisha kioo na tochi kwenye maungio yote ya jiwe na ukuta, hasa upande usiofikika kirahisi, maana ndiko kusikochunguzwa.

Sehemu nyingine inayosahaulika ni ngazi na baraza. Mara nyingi huongezwa baada ya nyumba kukamilika: kuta fupi zinajengwa, ndani kinajazwa kifusi, juu inamwagwa zege. Kifusi hicho kimeegemea ukuta wa nyumba juu ya DPC, na kwa kawaida kina vipande vya mbao na mifuko ya saruji iliyochanika. Mchwa wa humo hutokea nyuma ya fremu ya mlango wa mbele. Hali ni hiyohiyo kwa bustani ya maua iliyojengwa kugusa ukuta, na kwa simtanki linalofurika kila siku mahali pamoja.

Njia ya udongo: hai au imeachwa?

Njia inayotumika kwa kawaida ina unene wa penseli au zaidi kidogo, imeshikana vizuri, na hupanda kutoka ardhini kufuata kona, bomba au ufa. Kuna nyingine nyembamba zinazoinuka kisha zinaishia hewani; hizo ni za kutafuta njia tu. Ukiona inayoning'inia kutoka kwenye mbao kwenda chini, kazi huko juu ni ya muda mrefu.

Usiibomoe yote. Vunja kipande cha sentimita 3 hadi 5 katikati, uache juu na chini, na utazame papo hapo kwa tochi. Kama mchwa wanapita, umemaliza. Kama pako kimya, zungushia chaki, andika tarehe, rudi baada ya siku moja na tena baada ya siku tatu. Pengo likiwa limezibwa kwa udongo mbichi, wapo. Lisipozibwa, njia hiyo imeachwa, ila kundi linaweza kuwa limehamia njia ya pili mita mbili pembeni, kwa hiyo endelea kukagua.

Kosa la kawaida ni kupulizia dawa ya mbu au ya mende hapo hapo. Utaua mia kadhaa kati ya maelfu kwa maelfu, waliobaki watafunga njia hiyo na kutokea mahali ambapo huoni, na wewe utakuwa umepoteza alama pekee uliyokuwa nayo.

Ndani: anzia mlango wa bafuni

Mlango wa bafuni ni wa kwanza kukaguliwa kwa sababu fremu yake hulowa mara kwa mara na mabomba hupenya kwenye jamvi (zege la sakafu) karibu nayo. Baadaye fuata jikoni, halafu milango ya nje, halafu vyumba vya nyuma.

Angalia kwanza kwa mwanga wa ubavu: laza tochi ikigusa mbao au ukuta ili mwanga upite juu ya uso. Rangi iliyovimba, iliyokunjamana au yenye mistari ya kubonyea huonekana wazi, wakati ukimulika moja kwa moja huoni kitu.

Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi kila sentimita 5 kuanzia sakafuni hadi sentimita 60, juu ya hapo kila sentimita 20. Mbao nzima hujibu kwa sauti fupi na nzito. Iliyoliwa inalia wazi, kama boksi. Hapa pana mtego: fremu iliyofungwa vibaya, yenye uwazi nyuma yake, nayo hulia vivyo hivyo. Linganisha chini na juu ya fremu hiyohiyo, na linganisha na fremu nyingine ya mbao ya aina moja, kabla hujaamua. Ukishagonga, tega sikio kwenye mbao ukiwa kimya. Mchwa askari wakishtuliwa hugonga vichwa vyao, na husikika mtatariko mwepesi unaokuja kwa mawimbi.

Penye mashaka, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono, bila nyundo, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Mbao nzuri hukubali milimita moja au mbili. Iliyoliwa humeza bisibisi ghafla, na ukiitoa ncha inakuja na udongo. Udongo ndani ya mbao ni ushahidi wa kutosha. Lenga mahali patatu: mguu wa fremu pale unapoingia sakafuni, ubavu unaogusa ukuta, na kona za juu.

Mguu wa fremu unahitaji macho zaidi. Mafundi wengi huzika miguu ya fremu sentimita 3 hadi 5 ndani ya jamvi ili isimame vizuri. Ikiwa zege chini yake ina ufa, mchwa anapanda moja kwa moja ndani ya mbao, na hutaona njia ya udongo ndani wala nje. Fremu ya mninga au mvule nayo isikutie moyo sana. Kiini chake ni kigumu kwao, lakini ule ukanda mweupe wa pembeni, ambao mpasuaji mbao huuacha ili kuokoa upana, huliwa kama mbao nyingine yoyote.

Sakafuni, fuata maungio ya jamvi na ukuta. Zege ikikauka hunywea na kuacha mwanya, na huo ndio mlango wao mkuu kwenye nyumba za tofali. Inua kapeti, mkeka na mpira wa sakafu kwenye kona zote. Sogeza kabati la nguo mbele sentimita 20 na umulike mgongo wake. Ubao wa nyuma huwa mwembamba na laini, nao hugusa ukuta usiopata hewa. Maboksi ya vitabu, vyeti na magunia ya mpunga yaliyolala moja kwa moja sakafuni yainuliwe yote. Mchwa hupenda karatasi kuliko mbao ngumu, na vyeti vilivyowekwa chini ya kitanda vimewaponza wengi.

Kwenye soketi na swichi, udongo unaochungulia pembeni mwa mfuniko unaonyesha wanapita kwenye bomba la nyaya. Usifungue kabla ya kuzima swichi kuu, na kama huna uzoefu na umeme mwachie fundi.

Darini

Panda asubuhi mapema; saa tano tayari bati limeshika moto. Kanyaga juu ya mbao za kenchi tu. Jipsamu na silingi bodi hazibebi mtu.

Usianze kugonga papi hovyo. Mulika kwanza sehemu ya juu ya kila ukuta, pale kenchi zinapolala, maana mchwa wa udongoni lazima apite hapo. Mstari wa udongo kwenye tofali zisizopigwa plasta unaonekana wazi kuliko mahali popote ndani ya nyumba. Ukiuona, ushushie macho: chini yake kuna fremu gani, bomba gani? Weka alama kwenye ramani.

Ndipo uchome ncha za kenchi kwa bisibisi pale zinapogusa ukuta, na ubao wa pembeni wa paa penye bati linalovuja. Kenchi nyingi huku ni za paini, ikiwemo ya mashamba ya miti ya Buhindi na Rubya. Paini isiyo na dawa ni chakula laini. Mbao za kijani zinazouzwa kuwa zimetiwa dawa zitazame kwenye ncha iliyokatwa: kama ukijani umeishia kwenye ngozi ya nje na ndani ni nyeupe, zimechovywa tu, na kila mahali fundi alipokata msumeno ni mlango wazi.

Dari la jipsamu lenyewe huonyesha mistari ya kahawia upande wa chini. Mchwa hula karatasi ya jipsamu na kuacha unga wake, kwa hiyo dari linaweza kuning'inia huku limebaki unga mtupu.

Wanaofananishwa na mchwa

Rangi iliyovimba ukutani mara nyingi ni unyevu. Ikwangue: ukipata unga mweupe wa chumvi, ni maji yanayopanda; ukipata udongo wa kahawia wenye vijia, ni mchwa. Madonge magumu ya udongo kwenye kenchi yasiyo na njia ya kushuka ni ya nyigu. Sisimizi hutoa chembe za udongo na kuziacha wazi kwenye rundo dogo, hawajengi paa juu yake. Unga laini kama wa ngano unaodondoka kutoka kwenye vitundu vya mviringo ni wa mbawakawa wanaotoboa mbao.

Chembechembe ngumu, zisizozidi milimita moja, zenye pande sita ukizitazama kwa lenzi, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Hawa ni wa aina nyingine kabisa: hawahitaji udongo, huishi ndani ya mbao, na wanajulikana zaidi pwani. Husafiri ndani ya samani. Kitanda au kabati lililosafirishwa kutoka Dar es Salaam au Tanga lipekuliwe kabla halijaingia ndani.

Kumbikumbi kwenye taa

Hapa ziwani taa ya nje hukusanya wadudu wa kila namna, na wale wadogo wanaofanana na mbu, wanaotanda juu ya maji kama moshi, huwapa watu hofu isiyo na sababu. Wana mabawa mawili na hawayapukutishi. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, huyaangusha, na yanabaki sakafuni peke yake. Siafu na sisimizi wenye mabawa nao hupepea baada ya mvua, ila hao wana kiuno chembamba, pembe zilizopinda, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Kumbikumbi waliofuata taa kutoka nje si tatizo, walieni. La kujua ni walikotokea. Mabawa yakiwa chini ya taa au dirishani, huenda waliingia kwa kuruka. Yakiwa yamejipanga kando ya ufa wa sakafu au mguu wa fremu, tena chumba kilikuwa kimefungwa, wametokea humo, na kiota kiko chini ya nyumba yako au karibu nayo sana. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya ufa huo mvua inayofuata ikinyesha. Wakinasa upande wa chini, umepata jibu. Usitegemee saa ya jioni peke yake, maana kila jamii ina saa yake ya kuruka.

Mitego ya kupima

Nyumba ikionekana safi lakini kiwanja kina mchwa, zika vigingi. Chukua paini kavu isiyo na dawa wala rangi, unene sentimita 2.5, upana 5, urefu 30. Zika sentimita 20, nusu mita hadi mita moja kutoka ukutani, kimoja kila mita 3 kuizunguka nyumba. Nyumba ya mita 10 kwa 12 itataka 15 hivi. Usichimbe shimo kubwa. Kigingi kikae kimebanwa na udongo. Kama mbao hazipo, gunzi la mahindi lililolowanishwa na kufungwa kwenye boksi la karatasi linafanya kazi, ila linaoza haraka wakati wa masika.

Ng'oa na utazame kila baada ya wiki tatu, kisha urudishe palepale. Kigingi kilicholiwa kinaonyesha upande wanaotokea, na huo ndio ukuta wa kuangaliwa kila mwezi. Vigingi havivuti mchwa kutoka mbali wala havilindi nyumba. Ni vya kupima tu.

Ukishawapata

Piga picha, andika kwenye ramani, acha njia zao kama zilivyo mpaka fundi wa dawa afike. Mwonyeshe ramani na umwulize atatibu udongo mahali gani. Akikuambia atapulizia fremu tu, mtafute mwingine, maana mchwa wako wako ardhini. Jina la dawa lisomeke kwenye chupa yenye lebo, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji.

Kwa nyumba za Luchelele, Igombe, Kayenze au Ukerewe zilizo karibu na maji, hili lina uzito zaidi. Dawa za mchwa zenye fiproni au bifenthrini ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Zisimwagwe mvua ikiwa inakaribia, wala karibu na kisima au mfereji unaoelekea ziwani, na maji ya kuoshea bomba la kupulizia yasimwagwe ufukweni. Oili chafu, ambayo mafundi wengi bado wanaipendekeza, hatuishauri: inachafua udongo, na mchwa hupita juu yake kwa kujenga njia ya udongo pindi inapokauka.

Fremu iliyoliwa isibadilishwe kabla udongo haujatibiwa. Ikishabadilishwa, miguu ya mpya iishie juu ya sakafu, mwanya wa chini uzibwe kwa saruji, na sentimita 30 za mwanzo zigongwe kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza.